Baba Mkwe Aliyenyamaza

Nianze na hasira, maana ndiyo niliyonayo. Watu wa kijiji chetu cha Masoko waliniona nikiumwa, kila mmoja aliniona, na ugonjwa wangu wakaupa jina: kiburi cha watu wa Tanga.

Mimi ni mwalimu. Nilipangiwa kazi Rungwe nikitokea Korogwe, mkoani Tanga, nikaolewa huku huku. Baba mkwe wangu ni Mnyakyusa wa zamani hasa: yeye na mke wa mwanawe hawatazamani. Ndiyo heshima yao. Miaka minne ya ndoa nilimjua mzee kwa sauti tu. Akija anakohoa kwanza kwenye migomba, mimi naingia ndani, naye anasema la kusema akiwa nje.

Nilipojifungua, alianza kuja kila asubuhi na kidumu cha maziwa. Mvua, ukungu, anakuja. Anakiweka barazani, anauliza: "Mtoto ameamkaje?"

Maneno mawili tu, nami nikisikia: mama gani wewe? Mwezi wa pili tangu nijifungue nilikuwa silali, sitaki kuoga, nanyonyesha huku nimekodolea ukuta. Mume wangu akiniita, nasikia ananifokea. Wifi akicheka jikoni, ananicheka mimi. Ila sauti ya mzee ndiyo iliyonichoma zaidi, kwa kuwa uso wake sikuuona ili nijue anamaanisha nini.

Asubuhi moja nikatoka. Hata khanga sikujitanda. Nikamfuata mpaka usoni. "Baba, kama unanichukia sema wazi! Kila siku kunihukumu, nimekukosea nini?" Mzee akaangusha kidumu, akafunika uso kwa mikono yote miwili, akaondoka akijikwaa kwenye migomba. Lo! Kwa watu wa Masoko, ni bora ningempiga kofi.

Wakasema weee. Laana hiyo. Arudishwe kwao. Wengine wakataka niombewe, nikaombewa. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza, mama, unalala? Mume wangu, na kwa hili namshukuru, alinipeleka hospitali Tukuyu. Muuguzi wa afya ya akili akanisikiliza mpaka mwisho, akasema ni sonona.

Nikamweleza habari ya sauti. "Maneno unayasikia vizuri," akasema. "Kinachokupotea ni namna yalivyosemwa. Ubongo wenye sonona unaweza kuisikia sauti ya kawaida kama karipio. Na ya upole ukaikosa kabisa."

Nililia kwa hasira. Kumbe kichwa changu mwenyewe kilikuwa kinanidanganya mchana kweupe, na mimi nikakiamini, nikaenda kumtukana mtu aliyeniletea maziwa!

Dawa nilimeza, kwa muuguzi nilirudi, miezi ikapita. Siku moja wifi alicheka jikoni nami nikajikuta nacheka, maana alikuwa anajicheka mwenyewe kwa kuunguza maharage. Ndivyo nilivyojua napona.

Mzee naye alikuwa amerudi, lakini hakohoi wala hasemi. Anaweka maziwa, anaondoka. Nikajua ana kinyongo, na ni haki yake. Mwishowe nikamuuliza mume wangu.

"Walimwambia sauti yake ndiyo iliyokuletea ugonjwa. Kwamba alikusogelea mno. Akaapa hatasema tena hapa kwetu."

Nani kamwambia? Nani, eti? Wale wale wa kiburi cha Tanga! Wangekuwa mbele yangu siku ile ningewararua. Mzee wa watu, miezi yote hiyo anabeba maziwa kimya kimya akidhani yeye ndiye sumu!

Kesho yake nilisimama ndani, nyuma ya mlango, nimejitanda khanga, uso nimeuelekeza ukutani kama inavyotakiwa. Nikasikia kidumu kikigusa saruji.

"Baba, shikamoo," nikasema kwa nguvu. "Kosa halikuwa lako. Ni ugonjwa, na nimepona. Niulize habari za mtoto."

Sikusikia akiondoka.

"Nikisema," akajibu mwishowe, polepole, "hutaumwa tena?"

Safari hii niliisikia sauti yake sawasawa. Mzee hakuwa na kinyongo: alikuwa anaogopa kuniumiza.