Ndege Iliyogawanywa kama Mkungu wa Ndizi

Nina tabia moja ambayo sijawahi kufanikiwa kuitetea mbele ya mtu mwenye akili timamu. Nakusanya ndege za plastiki ambazo hazijaunganishwa. Zinauzwa vipande vipande ndani ya boksi, vipande vyenyewe vikiwa vimeshikana kwenye fremu, na mnunuzi anatarajiwa avikate, avigandishe kwa gundi, kisha apake rangi. Mimi sikati kitu. Natafuta zile za zamani, zilizotengenezwa kabla wazazi wangu hawajazaliwa, ambazo maboksi yake hayajawahi kufunguliwa, na nataka nizipate kwa bei ya kutupa. Nikishazipata naziweka juu ya kabati na kuzitazama.

Naishi Mbinga kwa shangazi yangu, dada wa marehemu baba, tangu nilipomaliza chuo na kuanza kufundisha fizikia kwa kujitolea. Siku moja akiwa anachambua mchele aliniuliza:

"Kwa hiyo, baba, unanunua ndege halafu huiungi?"

"Ikiunganishwa inapoteza thamani, Shangazi."

"Thamani kwa nani?"

"Kwa wanaokusanya."

"Wako wapi hao?"

Sikuweza kumwonyesha hata mmoja kati ya hapa na Songea. Nimezoea kuwa mimi ndiye ninayeuliza. Nimewauliza wahadhiri, nimemuuliza katekista, nimeuliza kwa nini kengele ya shule inapigwa kwenye rimu ya gari. Swali lile la shangazi nililiacha palepale kwenye ungo.

Watu wa nje wanashangaa nazipata wapi huku kwetu. Wanasahau kwamba madaktari, walimu na mafundi wa Kizungu walikuja huku na watoto wao, na walipoondoka hawakubeba kila kitu. Moja niliikuta kijiji cha Mapera kwa mwalimu mstaafu, imewekwa chini ya mguu mfupi wa meza. Aliniuzia kwa sharti kwamba nimletee kipande cha tofali chenye unene uleule. Nilichagua tofali kwa uangalifu kuliko nilivyochagua kozi ya chuo.

Ila iliyonitesa ni ya Mbamba Bay. Mjane mmoja anayeuza usipa, wale dagaa wa ziwani, alikuwa nayo juu ya kabati la vyombo. Marehemu mumewe alimvulia samaki daktari mmoja wa Kizungu kwa miaka mingi, na daktari alipoondoka akamwachia. Boksi lilikuwa zima, gundi ya karatasi yake haijaachia hata pembe moja. Kwenye picha, ndege ya injini mbili yenye maboya ilikuwa inatua juu ya ziwa, na nyuma yake milima ya bluu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeliona ziwa letu?" Alikuwa ananyooshea picha kidole. "Hilo jiwe hapo ni la kwetu. Watu wanaogea hapo."

Nilitazama. Lilikuwa doa la rangi ya kahawia. Nilitaka kumuuliza mchoraji alifikaje, lakini nilikuwa nimekuja kununua. Akataja bei, nami nikafanya kile anachofanya kila mnunuzi: nikakunja uso, nikaligeuza boksi, nikalipuliza vumbi ambalo halikuwepo.

"Mama, kitu hiki hakina thamani. Ni boksi la zamani tu. Mimi nakusaidia kulitoa ndani."

Akalitazama boksi kwa huruma, kama ndiyo kwanza anapewa majibu ya ugonjwa wake. Nikaaga kwamba nitarudi wiki ijayo, nikiamini kufikia hapo bei itakuwa imeshuka hadi kwenye nauli.

Niliporudi, mahali pa boksi palikuwa na thermosi.

"Mwanangu, si ulisema hakina thamani? Nikasema, nitamuuziaje mtoto wa watu kitu kisicho na thamani, tena anasafiri kwa gari kunifuata? Nimekipeleka Mbinga kwa binti yangu, wakitoe kwenye sadaka za mavuno."

"Kwa hiyo Mungu ndiye apewe kisicho na thamani?"

"Mungu hajasafiri," alisema, na akaendelea kuanua usipa wake.

Binti yake anasali kanisa moja na shangazi. Hivyo Jumapili ya mavuno mimi, ambaye nilikuwa na maswali mengi kwa kanisa na kwa muda mrefu nilikuwa nayauliza nikiwa kitandani, niliamka mapema, nikanyoosha shati na kukaa benchi la tatu. Shangazi alinitazama toka upande wa akina mama, akafuta macho kwa ncha ya kitenge.

Huku kwetu misa ya mavuno ikiisha, watu hawaondoki. Mahindi, kuku, mayai, maboga na ndizi zilizotolewa sadaka hupangwa uwanjani na kupigwa mnada, na fedha inaenda kwenye kazi za kanisa. Dalali ni katekista, mtu mfupi mwenye sweta la sufu na sauti inayofika hadi bondeni. Bei za pale hazifuati uchumi wowote niliowahi kuusikia. Yai moja linaweza kununuliwa, likarudishwa, likauzwa tena, hadi linapofika nyumbani ni ghali kuliko kuku aliyelitaga. Nilikuwa nayajua hayo yote. Lakini nilijiambia: nani mwingine atataka ndege?

Katekista aliliinua boksi juu ya kichwa.

"Tumsifu Yesu Kristo!"

"Milele amina!"

"Hapa tuna ndege, imetoka ziwani. Nani anaanza na mia tano?"

"Elfu moja," nilisema kwa sauti ya mtu asiyejali.

"Elfu mbili!" Ilikuwa sauti ya shangazi.

Nilimgeukia, nikatikisa kichwa kumzuia. Yeye akaelewa kwamba nimeishiwa. Akanikonyeza, akafungua fundo la kitenge, akapandisha tena. Alitaka kuninunulia zawadi kwa sababu nimerudi kanisani. Mimi nilitaka kununua kabla hajaharibu. Nikapandisha, akapandisha. Tulipita bei ya kuku, tukapita bei ya mbuzi, na akina mama wakawa wanapiga vigelegele kwa kila hatua wakidhani familia yetu imeokoka yote kwa mpigo. Niliwaza kutangaza kwamba nyumba yetu ni moja na fedha yake na yangu zinakula ugali mmoja. Sikupata nafasi.

Katekista alinyoosha mkono.

"Ndugu zangu, hapa wanashindana shangazi na mtoto wa kaka yake. Sisi wengine tumekuwa watazamaji. Tutabarikiwa kwa kutazama?"

"Hapana!"

"Mkungu wa ndizi ukiwa mkubwa, bei ikawashinda watu, tunafanyaje?"

"Tunagawa!"

Na ndivyo ilivyo. Mkungu ukipanda bei mno, katekista huukata chana moja moja ili hata mwenye kidogo aondoke na chake. Ni utaratibu mzuri, wa haki, na hakuna aliyeona sababu yoyote kwa nini uishie kwenye ndizi. Katekista alikuwa ameshachukua kisu.

"Subirini!" Nilijikuta mbele ya watu wote. "Hicho hakigawanywi. Thamani yake ni kwamba hakijafunguliwa!"

Paroko, aliyekuwa amekaa kivulini na glasi ya togwa, aliinua kichwa. Ni mtu wa upole, na upole wake ndio ulionimaliza.

"Hebu tusaidie, mwalimu. Kikifunguliwa kinakuwa nini?"

"Kinakuwa ndege ya plastiki, Baba."

"Na kisipofunguliwa?"

Nilifikiri. Nilifikiri kweli.

"Kinakuwa ndege ya plastiki ambayo haijafunguliwa."

Uwanja ulicheka hadi mbuzi wa sadaka wakashtuka. Kisu kikapita. Ilitoka harufu ya plastiki ya zamani, tamu kidogo. Sikuwa nimewahi kuinusa, kwa sababu sikuwa nimewahi kufungua hata boksi moja.

Katekista alinyonyoa vipande kwenye fremu kwa vidole kama anayepukuchua mahindi. Mabawa na mkia vikaenda kwa mkulima wa kahawa aliyekuja kutoka kijiji cha Ukata kumtembelea mkwewe. Propela na maboya vikaenda kwa kwaya. Rubani, mtu mdogo kama punje ya mchele, alinunuliwa na mzee wa kanisa akamzawadia Paroko palepale. Nusu moja ya kiwiliwili nikaipata mimi. Nilipotaka na nusu ya pili, katekista akanizuia: "Mwalimu, chana lako unalo. Waachie na wengine wamtolee Mungu." Ikachukuliwa na shangazi. Mwisho likabaki boksi tupu, na yule mjane wa Mbamba Bay, aliyekuwa amepanda kuja kumsalimia binti yake, akalinunua kwa mia tano bila mpinzani.

"Mimi shida yangu ilikuwa ziwa," aliniambia, akilipangusa.

Siku ile yeye peke yake ndiye aliyepata kitu cha zamani kwa bei ya kutupa.

Sasa nilitaka jambo moja tu, niipate ndege ikiwa nzima. Nikaenda Ukata na fedha. Mkulima akanikaribisha, akanipa ndizi, akakataa katakata.

"Kitu nilichomtolea Mungu nikuuzie wewe? Nitakuwa nimefanya ulanguzi na Mungu. Lete kiwiliwili hapa, tutaunga hapa."

Kwaya ilisema tuungie kwenye chumba cha kwaya. Shangazi alisema kwake, kwenye kabati la kioo, juu ya kitambaa cha kufuma. Tukaanza kwa shangazi, kwa sababu nusu mbili zilikuwa nyumba moja. Nikafungua gundi, halafu nikakumbuka: rubani lazima akae kwenye kiti chake kabla kiwiliwili hakijafungwa. Rubani alikuwa kwa Paroko.

Paroko akaja alasiri na rubani kwenye mfuko wa shati, amefungwa kwa leso. Alikula wali na kuku, akamkalisha rubani mwenyewe kwa kibano cha nyusi cha shangazi, akatubariki sote, rubani akiwemo. Habari zilifika Ukata haraka. Mkulima akatuma ujumbe: mabawa yapo tayari, ila kama Padre alikula kwa shangazi, basi aje ale na kwake.

Jumamosi tukapanda pikapu ya parokia, mimi nyuma pamoja na kwaya, ndege isiyo na mabawa mapajani, shangazi mbele kando ya Paroko akinikumbusha dirishani kwamba ikishakamilika inarudi kabatini. Huko Ukata tulikula. Kisha nikaunga bawa la kulia, bawa la kushoto, mkia, maboya, propela. Ilikuwa ndege yangu ya kwanza kuiunga maishani. Nilipoinua kichwa, ndege ilikuwa pale mezani, nzima, haijapungukiwa kitu, na kwaya ikaiimbia.

Mkulima aliizunguka meza.

"Mwalimu, wewe ndiye mtaalamu. Gundi hii inakauka baada ya muda gani?"

"Mabawa yanataka hadi kesho," nilisema. "Ukiisafirisha kabla ya hapo yanalegea."

"Basi ilale hapa."

Tulipofika nyumbani, shangazi, akiwa na ufunguo mlangoni, alinigeukia.

"Umesoma miaka yote ile, ukashindwa kusema dakika tano?"

Hayo yana miezi sasa. Kila nikienda Ukata napokewa vizuri na nakula vizuri. Mwenye nyumba anagusa bawa kwa ncha ya kidole, anasikiliza, anatikisa kichwa.

"Bado, mwalimu. Huku kwetu ukungu ni mwingi."