Shangazi Fusi Hakai Mlangoni

Kwetu visiwani Tonga, dada mkubwa wa baba yako ni fahu wako. Neno hilo maana yake ni kwamba mbele yake huna kauli. Akimtaka nguruwe wako, anamchukua. Kaka yake akifa, ni yeye anayekaa kichwani pa maiti, hata aje na nguo ya shambani.

Shangazi yangu Fusi alikuwa akiokota mwani na kuuza sokoni. Magoti mabovu, meno ya mbele hana, na sijapata kumwona akimpisha mtu.

Baba alipofariki, kaka yangu Semisi alirudi kutoka Auckland pamoja na mke wa bosi wake. Alikuwa amekaa huko miaka mingi mno. Akamketisha yule mama kichwani pa baba, juu ya mkeka mzuri kuliko yote, eti ndiyo heshima ya mgeni. Mimi niliona, lakini sisi watoto wa marehemu kazi yetu ni jikoni, tumejifunga viunoni mikeka iliyochanika ya matanga, na mimi si msemaji.

Shangazi akaingia.

"Nani huyu?"

"Mgeni wangu, shangazi. Wewe kaa hapo mlangoni, upate upepo."

"Upepo nimeuacha baharini. Mtoe."

"Usiniaibishe, shangazi. Watu wanatazama."

"Watazame! Marehemu nimembeba mgongoni hajaota jino. Leo mniweke mlangoni kama viatu?"

Wanawake wakaangua kicheko. Semisi akanong'ona kwamba hayo ni mambo ya zamani.

"Basi na maiti wa zamani, maana hatoki humu mpaka nikae."

Akabaki wima katikati ya chumba. Mchungaji aliyekwisha kufungua kitabu akakifunga.

Mgeni hakujua lugha yetu, ila macho aliyasoma. Akainuka mwenyewe. Shangazi akaketi, akamgusa kaka yake kwenye paji la uso, kisha akaamuru ule mkeka mzuri apewe mgeni.

"Huyu hana kosa. Asiye na adabu namjua."

Akaitisha mkasi, kwani fahu ndiye anayekata nywele za watoto wa marehemu. Nilitangulia kupiga magoti. Semisi, mwenye nywele za kufika mabegani, alisitasita.

"Unangoja nikufuate?"

Akaja. Shangazi alimkata ovyo, makusudi kabisa. Tukaenda kumzika baba, Semisi nyuma na kichwa kama cha kuku aliyenyonyolewa nusu, shangazi mbele ya wote.