Risala Niliyomwandikia Balozi

Kosa langu la kwanza kule machimboni Rwamgasa lilikuwa kuandika risala nzuri kupita kiasi. Niliiandika mara tisa. Neno moja likichafuka, nilichukua karatasi nyingine nikaanza ukurasa upya. Nilimaliza darasa la saba nikakosa nafasi ya kuendelea, na mengine nilijifundisha kwa kamusi isiyo na jalada na vipande vya magazeti vilivyofungiwa karanga. Mtu wa namna hiyo huishi na hofu kwamba kuna jambo wenzake walifundishwa siku ambayo yeye hakuwepo.

Risala ilikuwa ya kusomwa kwenye sherehe ya kumpongeza balozi wetu wa nyumba kumi. Kwa kawaida balozi ni mtu mzima mwenye wajukuu, lakini wetu alikuwa hajafika miaka thelathini. Alikuwa Msumbwa wa upande wa Ushirombo, aliyekuja kuchimba dhahabu akabaki. Wazee walimchagua kwa sababu vijana wageni walikuwa wamejaa pale kutoka kila upande wa nchi, wengine wakinywa gongo tangu asubuhi na kutishiana kwa sururu, na hawakumsikiliza mtu mwingine.

Alikuwa na utaratibu wake. Mgeni aliyetaka kushuka kwenye duara lake, yaani shimo la kuchimbia, alikaa juu kwanza wiki nzima akichonga matimba, yale magogo ya kuzuia udongo usiporomoke. Kisha ilimbidi apeleke barua kwao. Asiyejua kuandika aliletwa kwangu.

"Asiyejulikana alipo hashuki," balozi alikuwa akisema.

Kabla sijafika pale, walikuwa wamemfukua kijana mmoja chini ya kifusi, na hakuna aliyejua kwao ni wapi. Balozi alimzika kama ndugu yake. Nilisimuliwa kwamba baada ya maziko alisimama njiani akimuuliza kila aliyepita kama anamfahamu marehemu, mpaka watu wakamwonea huruma wakamvuta kumrudisha nyumbani.

Basi mimi nikawa mwandishi wa barua. Nilikaa chini ya paa la nyasi la balozi na kalamu yangu, na vijana wakaja mmoja mmoja. Kusema kweli, hizo ndizo saa pekee ambazo sikuwa mpweke. Wachimbaji waliniita Karani, na sikuwa na rafiki. Lakini mtu anapokuamuru uandike "mama, bado nakohoa," kwa dakika ile unakuwa kama mtu wa nyumbani kwake.

Mmoja wao alikuwa kijana mrefu wa Maswa, mwenye mikono mikubwa, mchonga matimba hodari kuliko wote. Alianza bila kukaa.

"Andika. Baba, shikamoo. Ng'ombe nilimuuza mimi, usiwasingizie watu."

"Tuanze na hali yako," nikamwambia. "Barua huanza na hali."

"Hali yangu ndiyo hiyo hiyo ya ng'ombe, Karani."

Nilipocheka akaninyooshea kidole. "Na usinitilie maneno yako ya kamusi. Baba atafikiri nimeweka wakili."

Tuliandika. Aliomba msamaha mara mbili, akanifutia jasho kwenye kalamu kwa pindo la shati lake, akaondoka akipiga mluzi. Jibu lilikuwa halijaja siku ya sherehe ilipofika.

Mabenchi yaliazimwa kanisani. Akina mama walivaa kanga mpya, na mgeni rasmi alikuja kutoka wilayani akiwa na zawadi: baiskeli ambayo fremu yake ilikuwa bado imeviringishwa karatasi. Safu ya nyuma walikaa wazee wa sungusungu na mishale yao, maana miaka ile ng'ombe walikuwa wakiibwa sana na kijiji kilijilinda chenyewe.

Nilisoma kwa sauti iliyonyooka. Nilifika kwenye aya niliyoipenda kuliko zote:

"Mheshimiwa mgeni rasmi, yupo kati yetu kijana kutoka Maswa aliyeuza ng'ombe wa baba yake akatoroka; leo, kwa malezi ya balozi huyu, hakuna anayemshinda kuchonga matimba."

Nilijivunia ile nukta mkato. Nilinyanyua macho nione kama watu wameguswa.

Walikuwa wameguswa. Kuna maneno ambayo Usukumani huwezi kuyasema mbele ya watu kisha ukaendelea na aya inayofuata. Mmoja wa wazee wa nyuma alisimama polepole.

"Huyo wa ng'ombe ni yupi?"

Shingo zote ziligeuka upande mmoja. Kijana wa Maswa alikuwa amesimama karibu na sufuria za pilau, akisaidia kupakua. Aliniangalia mimi, hakumwangalia mzee. Kisha akaweka upawa juu ya mfuniko, taratibu, kama mtu asiyetaka kupiga kelele, akapita nyuma ya jiko.

Balozi aliinuka kwenye kiti cha heshima. "Mzee wangu, huyo ni wa kwangu. Baba yake anajua. Kijana mwenyewe alimwandikia."

"Na baba amesemaje?"

"Hajajibu bado."

"Basi na sisi tunangoja," mzee akasema, lakini hakuketi.

Mimi bado nilikuwa na kurasa mbili mkononi. Balozi alishuka, akapita karibu yangu bila kunigusa, akaichukua ile baiskeli kabla hajakabidhiwa rasmi, karatasi zake zikipepea, akaifuata barabara ya kwenda Geita. Watu wakapiga makofi kidogo, wakidhani ni sehemu ya sherehe.

Alirudi kesho yake mchana, peke yake, magurudumu yakiwa yamejaa tope jekundu. Nilikuwa nimejiandaa kupigwa. Nilikuwa hata nimepanga maneno ya kuomba radhi kwa mfuatano mzuri.

"Sikumpata," akasema. "Umekula?"

Nilisema nimekula. Nilikuwa sijala.

Jibu kutoka Maswa lilifika wiki ya tatu. Balozi aliniachia bahasha niishike wakati akinawa, na hapa lazima niseme yote: niliinyanyua kuelekea jua. Niliona vivuli vya mistari tu, mistari michache. Nilitaka mno kuona neno "samahani" au "rudi," ili nipumue. Nilipogeuka alikuwa nyuma yangu, maji yakimdondoka viwikoni.

"Bado tu, mdogo wangu?"

Aliiweka bahasha mfukoni, akaenda nayo hadi machimbo ya Bulyanhulu akiuliza duara kwa duara, akarudi nayo ikiwa imefungwa vile vile. Mpaka leo hatujui baba aliandika nini, wala kijana alikokwenda.

Baada ya hapo hakuna aliyekuja kwangu. Wageni wapya walichonga matimba wiki nzima, na walipoambiwa kuhusu barua walicheka. "Kwa yule? Anayetusomea mbele ya sungusungu?" Walikula kwenye sinia moja, na nikikaribia hawakunifukuza, walijisogeza tu wakamaliza upesi. Nilikaa chini ya paa na kalamu, siku hata siku. Balozi, ambaye kuandika kulimtoa jasho, alianza kukariri: jina la kijana, la kijiji, la mama. Nilimsikia akiyarudia kwa sauti ndogo akiwa ananoa shoka, kama mtoto wa katekisimu, akikosea, akianza upya. Aliogopa kumzika tena mtu asiye na kwao.

Sikuweza kuvumilia kumsikia akikosea. Nikamwomba anipe vijana hao jioni, si niwaandikie barua, niwafundishe herufi tu.

"Wakija," akasema. "Siwalazimishi."

Siku ya kwanza hakuja mtu. Wiki ya pili walikuja wawili, wakakaa mbali nami.

Miaka minne imepita. Siandiki tena barua ya mtu, na habari hizi nimemsomea balozi kabla ya wengine. Amenifutia mistari minne. Vijana wa duara lake wanaandika wenyewe sasa, kwa makosa mengi, wanafunga bahasha wenyewe, na mimi sijui wameandika nini.