Unyoya wa Kuku Mbele ya Midomo ya Sally

Si kweli kwamba mke wa mwanangu aliroga watoto kwa unyoya wa kuku. Unyoya ulikuwapo. Niliuokota mwenyewe uani kwangu hapa Mogogosiek, na kazi yake naieleza mara moja tu.

Sally anafundisha chekechea ya kanisa letu. Alipoanza, herufi m aliitamka "ma" na t "ta". Mtoto akiunganisha sauti za neno moto, lilitoka ma-o-ta-o, na hakuna aliyelitambua. Tena, kwake yeye Mkipsigis, ambaye lugha ya kwao haizitenganishi, p na b zilikuwa kitu kimoja. Mimi ni mjane wa Mwalimu Mageto. Aibu hiyo sikuikubali nyumbani kwangu. Kila alasiri nilimketisha jikoni, unyoya mbele ya midomo. Kwa p uliruka, kwa b ulitulia. Kwa m alifunga midomo, sauti ikavuma na kukatika bila "a". Kwa majuma sita alirudia, mara nyingine akilia, nami sikumhurumia.

Jerusa, jirani yetu, alituchungulia dirishani, akavumisha kwamba tunajifunza kuroga watoto. Kwenye mkutano wa wazazi akataka Sally aondolewe.

"Watoto wananguruma kama ng'ombe, mmm, mmm," alisema. "Kusoma hawajui. Wamekariri vitabu tu."

Mzee Onsongo, mwenyekiti, akachukua chaki. "Basi naandika neno ambalo haliko kwa kitabu chochote. Wakishindwa, mwalimu anaenda nyumbani."

Akaandika *Kapobi*. Sally akawageukia watoto waliokaa mbele.

Aliyesimama ni Vivian, mjukuu wa Jerusa, mwenye miaka mitano. Akapitisha kidole chini ya herufi, sauti moja moja, fupi, bila mkia. Kwenye p alipuliza kidogo. Kwenye b hakupuliza.

"Kapobi," akasema. Kisha, "Ni nani huyo?"

"Ni ng'ombe wangu," Onsongo akajibu. "Hata anayemchunga hamjui kwa jina. Mama Jerusa, huyu mtoto alikariri wapi?"

Ukumbi mzima ulicheka, na Sally akabaki na darasa lake. Muhula huu walimu wa shule mbili za jirani wanakuja kumsikiliza anavyotamka.

Jerusa alifika kwangu Jumapili iliyofuata. Nilimpa chai. Alichoniambia ni chake na changu. Sisemi, na msiniulize.