Rozari ya Bibi wa Kwanza

Mwaka 1991 nilikuwa na miaka ishirini na sita, na miezi minane tu ya ndoa. Asubuhi hiyo nilikuwa nasonga bukari, ugali wetu, nyumbani kwetu mtaa wa Makomeno, jicho langu liko kwenye msumari juu ya kitanda.

Pale ilining'inia rozari ya Marthe, bibi wa kwanza wa mume wangu, aliyekufa na malaria. Shanga za mti, zimelainika kwa vidole vyake. Mume wangu alipoishika, mimi niliona ameshika mkono wa mwanamke mwingine mbele yangu. Nilimwambia wazi. Sijui kuzunguka maneno, shule niliiacha primaire.

"Marthe alishakufa, papa."

"Rozari haiko ya Marthe, mama. Iko ya Bikira. Marthe aliachia njiani, mi niko naendelea."

Jibu hilo lilinichoma zaidi.

Saa tano risasi zikaanza. Basoda, wanajeshi wa serikali yenyewe, walivunja maduka, kisha nyumba. Jirani akapita mbio na godoro kichwani: "Mukuye ku paroisse!" Nikafunga kifurushi tukimbilie parokia.

"Rozari umeitia?" mume wangu akauliza.

"Nimeitia."

Niliiacha kwenye msumari. Nilitaka basoda waibebe.

Uwanjani kwa parokia padri akaanza Salamu Maria. Kila mtu akatoa rozari yake. Mume wangu akapekua kifurushi: sahani, kitenge, chumvi.

"Iko wapi?"

"Mungu alikupa vidole kumi. Hesabu navyo."

Watu wakacheka. Naye akacheka, halafu akasimama, akapangusa suruali.

"Nakuya sasa hivi."

Ningesema: kaa, nilikudanganya. Nikasema: "Enda basi kwa bibi yako."

Tulisali makumi yote matano.

Hakurudi.

Kesho yake tulimkuta karibu na mlango wetu, uso umeelekea parokia, rozari mkononi. Risasi ya nani, sijui. Ndugu zake wakamzika nayo, kando ya Marthe. Mimi nilisimama nyuma.

Nilitubu. Padri akanipa malipizi ya rozari moja. Ilinichukua miaka miwili kuimaliza. Kila nikifika katikati, namuona Marthe.

Nikauza samaki wakavu mpaka mji wa Sakania, kule mpakani, peke yangu, bila mume mwingine.

Leo niko na nyumba ya tofali, vyumba vitano. Kisima. Milango mitatu ya kupangisha. Friji. Mbuzi kumi na moja. Na nafasi yangu makaburini, nimeilipia mwenyewe, mbali na wao wawili, sababu kando yake pamejaa.