Saa Moja na Robo kwa Ndege

Kule kwa dobi walimwita Shangazi Pasi, maana tangu usichana wake hakujua kazi nyingine ila kunyoosha nguo za watu. Mikono yake ilikuwa myepesi, na mdomo nao haukuwa mzito. Ila umtajie kitinda mimba wake, basi, mdomo unafungwa na pasi inapita kwenye kola kama inafukuzwa.

Binti huyo alipata kazi ya uuguzi katika mji mwingine, kilomita mia sita na ushei kutoka nyumbani. Siku ya kuondoka alimkumbatia mama yake. "Usilie, mama. Kwa ndege ni saa moja na robo tu. Ukianza kufua mashuka, hujamaliza kuanika nimeshafika."

Mashuka yalifuliwa, yakaanikwa, yakachakaa. Binti alikuja mara moja tu, mwaka wa kwanza, akalala siku mbili. Baada ya hapo ikawa simu. "Mwezi ujao, mama." Mwezi ujao huo haukuandama.

Mwaka wa nne Shangazi akakata shauri. "Asiyekuja hufuatwa," akawaambia wenzake, akafunga begi.

Hakuwahi kupanda ndege, hivyo alijiandaa kama mtu anayehama: shali mbili, soksi, viatu vya kubadilisha. Aliketi dirishani. Mashamba yakawa viraka, barabara ikawa uzi. Hata chai aliyopewa hajaimaliza, akasikia watu wakiambiwa wafunge mikanda.

"Kuna nini?" akamwuliza jirani yake kwa hofu.

"Tunatua, mama."

"Tayari?"

Machozi yakamtoka. Miaka yote alijiliwaza kwamba ni umbali uliomzuia mwanawe. Kumbe ni pua na mdomo!

Binti alimpokea kwa vicheko, akamng'ang'ania shingoni mbele za watu. Lakini jioni, wameketi kitandani katika chumba chake kimoja, Shangazi hakuweza kujizuia.

"Mwanangu, mbona ni karibu hivi?"

Binti aliinamisha uso. "Kuja si kazi, mama. Kazi ni kurudi. Ile mara niliyokuja, nilivyorudi huku nililia wiki nzima, hata wodini wakaniambia nikapumzike. Nikaona heri nisije kabisa kuliko kukuaga tena."

Shangazi hakumlaumu. Alimvuta, akakilaza kichwa chake pajani. Asubuhi binti alipoamka alimkuta mama amenyoosha sare zake zote, hata zisizokuwa na mkunjo.

Wiki ikaisha upesi. Safari hii mama ndiye aliyeshika begi, na binti ndiye aliyebaki nyuma ya kioo akipunga mkono. Shangazi aligeuka mara tatu. Mara ya nne hakuthubutu.

Aliporudi kazini, wenzake walimzunguka. "Haya, tuambie! Kwani ni mbali huko?"

Shangazi alilikung'uta shati lililokuwa mbele yake, akalitandaza.

"Mbali," akasema. "Mbali sana."