Foundation Iligoma Kuyeyuka Mahali Pamoja Tu Usoni Mwangu

Admin, nakuomba ufiche jina langu na la duka, maana wateja wetu wengi wako kwenye ukurasa huu. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, mzaliwa wa Kwale. Tunaishi Kangemi, Nairobi, mimi, mume wangu, binti yetu wa miaka minne na mama mkwe. Mume wangu ni fundi wa stima kwenye maghorofa yanayojengwa Kilimani. Mimi nauza vipodozi mjini, kwenye yale maduka madogo madogo yaliyobanana ndani ya jengo moja. Mwenye duka nitamwita Dada Zuhura.

Ngozi yangu ni ya mafuta tangu nivunje ungo. Mchana ukifika nang'aa utadhani nimetoka kukaanga viazi. Kwa hiyo ulipokuja mzigo wa foundation ya Kikorea, ile ya majimaji, Dada Zuhura hakutafuta mtu mwingine wa kuijaribu. "Ikikaa kwako itakaa kwa Nairobi nzima," akaniambia akicheka. "Nitakurekodi asubuhi na jioni, wateja wajionee."

Asubuhi nilipendeza, sitaki kudanganya. Ilikuwa nyepesi na haikuniacha mweupe kama nimemwagiwa unga. Mchana pua ikaanza kuteleza, kisha paji la uso. Kufikia jioni ilikuwa imeyeyuka karibu yote na kuchafua hijabu yangu. Dada Zuhura akainua simu anirekodi, halafu akaishusha.

"Hebu geuka. Hapa umepaka nini?"

Shavu la kushoto, chini karibu na taya, palikuwa na duara kama kifuniko cha soda. Hapo foundation ilikuwa vilevile kama asubuhi, kavu kabisa, bila hata tone la mafuta. Nikacheka, nikamwambia angalau mahali pamoja pameipenda.

Akachukua pamba akaanza kunifuta. Chini ya ile foundation kuna baka lililopauka kidogo ambalo nimekuwa nalo muda sasa. Nilidhani ni choa, nikawa napaka dawa ya kununua tu.

"Pole, nakusugua sana?"

"Wapi?"

"Si hapa shavuni ninapofuta."

"Mbona hujanigusa bado?"

Kisha akachukua kile kibanio cha kung'olea nyusi, akaniambia nifunge macho. Nikafunga, nikangoja, nikaona anachelewa. "Anza basi," nikamwambia. Nilipofungua macho alikuwa amejishika mdomo. "Aki nimekufinya," akasema. "Nimekufinya mpaka mimi mwenyewe nikaogopa."

Nilienda hospitali ya serikali peke yangu. Daktari, msichana mdogo kuliko mimi, alinitaka nifumbe macho niseme "ndiyo" kila akinigusa kwa pamba. Nikasema ndiyo, ndiyo, halafu pakawa kimya kirefu. Nikadhani ameenda kuchukua kitu. Nikafungua jicho. Mkono wake ulikuwa bado uko shavuni mwangu.

"Siwezi kusema kwa hakika kabla ya vipimo," akaniambia taratibu, "lakini sitakuficha, mama. Inaweza kuwa ukoma."

Akakata kakipande kadogo ka ngozi, akaniambia nirudi wiki ijayo kwa majibu. Akanieleza kwamba hata ikiwa ndio, unatibika kabisa, dawa ni za bure, na mtu akishaanza kuzimeza haambukizi. Akasema pia hauambukizi kirahisi kama watu wanavyodhani. "Ila unaoishi nao wote waje niwaangalie. Mtoto usimwache."

Niliyasikia yote hayo. Lakini nilitoka pale na neno moja tu kichwani.

Mama mkwe aliwahi kutusimulia habari za mwanamume wa kijijini kwao aliyeugua ugonjwa huu. Walimjengea kibanda nyuma ya nyumba, wakamtengea sahani na kikombe chake, na mkewe akaja kuchukuliwa na ndugu zake. Alisimulia huku anachambua mchicha, bila kusitasita, kama anayeeleza bei ya sukari. Na mama huyu ni mtu mwema, ananipenda. Ndiyo maana naogopa zaidi. Akipita tu nyuma yangu jikoni naficha shavu.

Tangu siku ile sili sahani moja na mwanangu. Nimemhamishia kitandani kwa bibi yake. Mume wangu ameniuliza, "Mbona unamkimbia mtoto?" Nikamjibu nina mafua. Akanitazama sana, akasema, "Mafua gani hayana hata kikohozi?" Nikatoka nje nikajifanya naanua nguo, vibanio vikinidondoka.

Dukani ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu kazi yangu ni kugusa nyuso za watu. Nimeanza kuvaa glavu. Dada Zuhura akaniuliza daktari alisemaje, nikasema ni aleji. "Aleji haitii mtu ganzi," akajibu, na tangu hapo hajaniuliza tena. Sijui anajua nini. Simu yake ikilia naruka, nadhani anaambiwa habari zangu.

Leo asubuhi nilikuwa najifunga hijabu mbele ya kioo. Binti yangu alipanda kitandani nyuma yangu, akanikumbatia shingo kabla sijamzuia, akanibusu lile shavu. Nilimwona kwenye kioo akinibusu. Sikuhisi kitu. Nikamsukuma, akaanguka kitandani, akaniangalia kama mtu asiyenijua. Hakulia. Afadhali angelia.

Majibu bado siku chache. Daktari anataka niwapeleke wote, na siwezi kuwapeleka bila kulitaja lile neno ndani ya nyumba ile. Nikingoja, je, mwanangu? Nikisema, je, nitalala wapi? Kama yupo kati yenu aliyewahi kukalia habari ya namna hii, tafadhali aniandikie hapa chini: ulimkalisha mumeo, ukafungua mdomo, na neno la kwanza kabisa ulilomwambia lilikuwa lipi?